Tupeane uzoefu: maneno ya Scrabble uliyokariri na hayakutoki kichwani

Mtoa mada, Mbagala
Wakuu, juzi mvua imeingia ndani. Nanyanyua vitu vya uvunguni kabla havijaloa, nakuta kauntabuku langu la mwaka 2009. Nilidhani ni la madeni ya duka. Kulifungua, kumbe ni la Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi vyenye pointi: maneno ya Kiingereza ya herufi mbili, AA, AB, AD, yamepangwa kama majina ya darasa. Kurasa zinazofuata herufi tatu, kisha nne. Halafu ukurasa mmoja umepigiwa mstari mwekundu juu: Q BILA U, yaani maneno yenye Q isiyofuatwa na U. Nikakaa juu ya ndoo nikasoma lote, maji bado yako kwenye vifundo.

Nilikuwa nakariri ndani ya daladala, nimesimama mlangoni. Kila kituo neno lake. Zakhem CWM, Mtongani TSK. Mpaka leo nikipita Mtongani naisikia TSK.

Nani mwingine alipitia haya? Tupeane uzoefu.

Kijana wa Sinza
Q bila U, mkuu umenirudisha mbali sana. Mimi QI ndiyo iliyonifundisha kwamba mchezo hauhitaji maneno marefu. Iweke pale penye pointi za kuzidisha, isomeke kulia na isomeke chini, yule mwenye neno lake la herufi sita anabaki anakutazama.

Bi Ilala
Hiyo orodha ya Q ilinipa raha kuliko zote. Marehemu kaka yangu ndiye aliyenikalisha kitako akaniambia, dada, haya maneno unayajua tangu mdogo. QADI ni kadhi. FAQIR ni fakiri. NIQAB ni nikabu, TALAQ ni talaka. Yametoka Uarabuni, yakaja kwetu, yakaenda na kwa Waingereza, ila wao wameandika kwa Q. Siku hiyo hiyo nilimaliza ukurasa mzima. Wenzangu walikuwa wanayakariri kama namba za simu, mimi nasikia maneno ya nyumbani.

Kijana wa Sinza
Bi Ilala shikamoo. Hii sikuwahi kuifikiria kabisa.

Bi Ilala
Marahaba mwanangu.

Fundi Mwenge
Orodha za urefu ni za kuanzia. Ukitaka kushinda, jifunze mashina. Chukua RETINA, herufi sita, kisha jiulize: nikiongeza moja napata nini? Ukipata S unaweka NASTIER au RETAINS. G ni GRANITE. P ni PAINTER. C ni CERTAIN, D ni TRAINED. M ni MINARET, na huyo naye ni ndugu wa mnara wetu, Bi Ilala atanisaidia. Ukimaliza herufi zote saba ulizoshika kwa mkupuo unaongezewa pointi 50. MINARET kwa herufi zake ni pointi 9 tu, ukijumlisha na hizo tayari 59. Mimi nilikuwa na kadi nimezikata kwenye boksi la sabuni, mbele shina, nyuma majibu. Nikisubiri gundi ikauke nachomoa moja.

Bi Ilala
Mnara, ndiyo. Asili moja.

Mjuzi wa Tabata
Mashina ni kupoteza muda. Jua za herufi mbili zote, basi. Asiyezijua hizo hana pa kuyabandika hayo marefu.

Fundi Mwenge
Na anayezijua hizo tu atashinda pointi nane nane mpaka alfajiri.

Anko wa Kigamboni
Nichangie la kwangu. Mwaka 2012, mashindano ya ofisi, niliweka OK. Nikapingwa. Likatafutwa kwenye orodha, halipo, nikanyanyua herufi zangu na zamu ikapotea. Neno ambalo kila mtu pale ukumbini alikuwa amelitamka tangu asubuhi! Mwaka 2019 Collins, wenye kamusi ya maneno ya Scrabble, wakaliingiza, pamoja na EW na ZE, maneno ya herufi mbili yakafika 127. Nilimpigia simu yule aliyenipinga. Tukaongea nusu saa, maana tulikuwa hatujaongea miaka.

Mwalimu wa Temeke
Naomba niseme ukweli wangu, mtanisamehe. Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na minane. Naletewa mtoto anajua CWM na CRWTH, hajui kuandika barua ya kuomba kazi. Muulize CWM ni nini, hajui kwamba ni aina ya bonde, neno la Kiwelisi. Kukariri bila maana ni kumbebesha mtoto mzigo ambao hautamfikisha popote.

Mjuzi wa Tabata
Mwalimu, mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa haongei. Alikariri orodha kwa takriban wiki tisa. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kubeba ubingwa wa dunia wa Kiingereza, kule Perth. Mchezo ni mchezo, somo ni somo.

Mwalimu wa Temeke
Huyo Richards ni mtu mzima na ameamua mwenyewe. Mimi nasemea mtoto wa kidato cha pili ambaye mzazi wake anauza mihogo amlipie ada.

Mtoa mada, Mbagala
Wote mna hoja, tusivunjiane heshima. Turudi kwenye uzoefu.

Nuru wa Magomeni
Nimesoma alichoandika Bi Ilala kuhusu TALAQ nikaweka simu chini. Nimeirudia sasa hivi.

Nilikuwa kidato cha tatu, fainali ya shule yetu, mchezo wa mwisho. Nimebakiwa na herufi nne: A, L, Q, T. Mfuko umeshaisha. Ubaoni kuna A imekaa wazi upande wa kulia, juu yake nafasi, chini yake nafasi. T, A, L, halafu ile A ya ubaoni, halafu Q. Niliiona mara moja. Niliiona kabla hata sijapanga herufi kwenye kibao changu.

Wiki ile mama alikuwa amepewa talaka. Karatasi ilikuja kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kabati la vyombo, na kila nikichukua sahani naiona. Mtaani walishajua. Baba alikuwa amekaa mstari wa pili pale ukumbini, amekuja kunitazama, na mama yuko mlangoni amesimama.

Nilishika T mkononi mpaka ikalowa. Sikuweza kuliandika lile neno mbele yao. Nikapita zamu. Mwenzangu akamaliza herufi zake. Nilikuwa bado mbele kwa pointi 21, lakini herufi zangu nne ni 13, zikatolewa kwangu, akaongezewa yeye. Nikashindwa kwa 5.

Baba alisema hujajitahidi. Mama hakusema kitu, alinishika mkono mpaka kituoni.

Kijana wa Sinza
Dada Nuru, pole sana. Sana.

Anko wa Kigamboni
Pole mwanangu.

Mjuzi wa Tabata
Pole. Ila kwa faida ya wengine, kwenye A ile ile ungeweka QAT. Mirungi. Q juu, T chini, unabaki na A na L tu, unashinda.

Fundi Mwenge
Wewe Mjuzi, mtu anaeleza ya mama yake, wewe unampigia hesabu?

Mjuzi wa Tabata
Sijamdharau. Mada ni uzoefu wa maneno, nimetoa neno.

Mwalimu wa Temeke
Kuna wakati wa kunyamaza, ndugu.

Nuru wa Magomeni
Mwacheni, hajakosea. QAT nilikuwa siijui. Ya Q niliyoijua siku ile ilikuwa hiyo moja tu, nimeijulia nyumbani.

Mama yupo, mzima. Tunacheza naye Jumapili, maneno ya Kiswahili, kwa ubao ule ule.

Bi Ilala
Nuru, mimi niko Ilala karibu na Boma, wewe Magomeni. Jumapili hii naomba nije na kauntabuku la kaka. Mwambie mama.

Nuru wa Magomeni
Karibu sana Bi. Nimeshamwambia, anauliza unakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Mgeni wa Ukonga
Samahani wakuu, nimechelewa mada. Anayejua Kariakoo wanauza wapi seti iliyotimia anijuze. Yangu imepotea Z, tunatumia kizibo cha soda.