Mume anataka tuhamie Texas kukimbia kodi, mimi naogopa. Naombeni ushauri

Mama Junior (mleta uzi)
Habari za wakati huu wanajamvi. Wale wa "kila mtu apambane na hali yake" naomba mnipishe kwanza, nina shida kweli.

Tuko Minnesota mwaka wa tisa sasa, vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis. Mimi ni nesi, baba watoto anaendesha lori la masafa. Watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nane, mdogo ana miaka sita. Tuna grini kadi, uraia bado, kwa hiyo kura hatupigi. Tunakaa tunaangalia wenzetu wanavyotuamulia.

Mzee karudi kutoka safari ya Houston akiwa mtu mwingine kabisa. Alilala kwa rafiki yake nje kidogo ya mji, kaona nyumba ya vyumba vitano, kaambiwa Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Basi. Tangu siku hiyo mshahara ukiingia ananiwekea karatasi ya malipo mezani, kidole kwenye mstari wa makato ya Minnesota: "Unaiona hii? Hii ni tiketi ya kwenda nyumbani kila Desemba." Na hesabu yake si ya uongo. Mwaka jana jimbo lilikula karibu dola 5,000 zetu.

Hofu yangu mimi si kodi. Nina miaka 35 na tunataka mtoto mmoja zaidi. Mimba iliyopita ilitoka wiki ya 11, nikasafishwa usiku uleule kwa sababu damu ilikataa kukata. Nasikia habari za sheria za Texas kuhusu mimba, nikimwambia mzee ananijibu, "Hiyo ni siasa, na siasa hatuli." Ni siasa kweli, au ni mimi ninayekuza mambo? Mlioishi pande zote mbili niambieni ukweli. Msinitukane. Nawasilisha.

Kipanga Mweusi
Vyumba vitano, na baba yuko barabarani wiki tatu kwa mwezi. Wa kudeki ni nani? Naomba kuelimishwa.

Mbeba Boksi Mstaafu
Mleta uzi, mumeo ana hoja, ila kasimuliwa nusu ya hadithi.

Nilinunua nyumba magharibi mwa Houston mwaka 2019 nikitokea jimbo la baridi kama lenu. Ni kweli Texas ni kati ya majimbo 9 yasiyokata kodi ya mapato kwenye mshahara, na mwaka huohuo wa 2019 wapiga kura waliiwekea kufuli kwenye katiba ya jimbo. Kwa dereva wa masafa ndiyo raha zaidi, maana kwa sheria ya shirikisho dereva anayevuka majimbo anakatwa na jimbo anakoishi tu, hata kama lori lake halilali huko.

Lakini shule na zimamoto vinaendeshwa kwa hela, na huku hela hiyo inatoka kwenye kodi ya majengo. Vitongoji vipya kama hicho alicholala mzee vina na nyingine juu yake, wenyewe wanaiita MUD. Ni wilaya ya maji iliyokopa kuweka mabomba na mitaro kabla hujafika, halafu deni unalipa wewe uliyekuja kuishi.

Sasa mtego ulioninasa. Nyumba ikiwa mpya, kodi ya mwaka wa kwanza inahesabiwa kwa hali ilivyokuwa tarehe 1 Januari, na siku hiyo pale kwangu palikuwa na majani na mti mmoja. Nikaletewa dola 1,400, nikajiona mjanja, nikapiga simu hadi nyumbani kujisifu. Mwaka wa pili barua ikaja: dola 9,300. Benki ikapandisha rejesho langu la mwezi kwa zaidi ya dola 1,300, maana ilikuwa inaweka akiba ya kodi mpya na kufidia ile ya nyuma kwa pamoja. Mke wangu aliisoma ile barua akiwa amesimama, akakaa.

Afueni imekuja kidogo. Mwaka 2023 jimbo lilisamehe dola 100,000 za thamani ya nyumba unayoishi kwenye kodi ya shule, na 2025 wakapandisha hadi 140,000. Hata hivyo usihame kwa sababu ya mstari mmoja kwenye karatasi ya mshahara. Ingia tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti ile, andika anwani ya yule rafiki yake. Kodi yake iko wazi mpaka senti.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Dada, hukuzi chochote. Nipo wodi ya wazazi Texas mwaka wa sita.

Nianze na lililo sawa. Mimba ikishaharibika na mapigo hayapo, kusafishwa ni halali, hakuna aliyekataza. Tabu ni ile saa ya katikati. Damu inatoka, mlango wa kizazi umefunguka, na mashine bado inasikia mapigo. Ninamkumbuka daktari mmoja, mzuri kweli, alitoka chumbani akasimama koridoni na simu sikioni akiongea na mwanasheria wa hospitali, na huku ndani mgonjwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, ananiuliza mimi, "Amekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Baada ya Mahakama ya Juu kufuta Roe, ile hukumu iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, tarehe 24 Juni 2022, sheria ya Texas ilianza kazi Agosti mwaka huo: daktari wa huku akionekana kakosea anaweza kufungwa hadi maisha, anapoteza leseni na kudaiwa faini isiyopungua dola 100,000. Ningekuwa yeye, na mimi ningepiga simu.

Mwaka 2025 bunge la jimbo lilirekebisha maneno ya sheria, kwamba daktari halazimiki kusubiri hadi mgonjwa awe mahututi. Imesaidia. Ila mtu aliyeogopa miaka mitatu haponi kwa muswada mmoja.

Jambo moja la kumsaidia mumeo, nisije nikaonekana nina upande: Texas imo kwenye mkataba wa leseni za manesi, Minnesota haimo. Ukipata leseni ya huku unafanya kazi majimbo 40 na ushee bila kuomba upya kila mahali. Na hiyo pia ni siasa! Kwenu chama cha wafanyakazi cha manesi ndicho kinachoupinga mkataba huo. Kwa hiyo akikuambia siasa hamli, mwambie leseni yako imekaa mezani kwa wabunge tangu ufike.

Mzee wa Mipaka
Tulikuja kutafuta, hatukuja kuchagua sheria. Hameni, pesa ipo, mengine mtayakuta hukohuko. Wanawake mnapenda kutafuta sababu.

Mama Junior
@Mzee wa Mipaka, mzee wangu, nilipokuwa navuja damu saa nane usiku pesa ilikuwepo kwenye akaunti. Shikamoo.

Fundi Paa
Marahaba kwa niaba yake 😂

Nami niongeze la upande wa kazi, maana naona watu wanadhani ukikaa mji mkubwa wa Texas basi mji utakukinga na jimbo. Mimi nafunga mapaa. Austin na Dallas zilikuwa na sheria ndogo: kila saa nne, dakika 10 za kunywa maji na kukaa kivulini. Mwaka 2023 jimbo likatunga sheria ya kuziondolea nguvu sheria ndogo za miji za namna hiyo. Kesi zikafuata. Lakini msimamizi wetu hakungoja hukumu, siku ya pili tu alisema, "Atakayekunywa anywe huku anapanda ngazi." Mwezi wa saba huo, bati linaunguza hadi kupitia glavu.

Kima cha chini Texas ni kilekile cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Kwa nesi na dereva si kitu. Kwa huyo wa darasa la nane atakapoanza vibarua vya likizo, ni kitu.

Binti Rufiji
Nimefanya kinyume chenu: nimetoka Dallas kuja Minnesota, 2024. Baridi sizungumzii, anayejua anajua.

Ila kama mnataka mtoto, hesabu ya dola 5,000 iwekeni kando ya hii. Kuanzia Januari 2026 Minnesota ina mfuko wa likizo yenye malipo: hadi wiki 12 za kulea mtoto, na hadi 12 nyingine kama mwili wako wenyewe una tatizo, jumla isizidi 20 kwa mwaka. Texas ukizaa unategemea huruma ya mwajiri. Na tangu 2023 mtoto anakula shuleni kifungua kinywa na mchana bure, hakuna fomu ya kuthibitisha umaskini. Wanangu wawili, sijafunga chakula cha shule tangu nifike. Asubuhi yangu imerudi.

Tukubaliane lakini, wengi hatuhami kwa haya. Idara ya Sensa ikiuliza watu kwa nini wamehama, wanataja nyumba, familia, kazi. Mimi nilimfuata dada yangu. Mfuko wa likizo niliukuta.

Mwalimu wa Zamani
Kuhusu shule, usiulize "Houston ikoje", uliza wilaya ya shule ya mtaa wenyewe. Mwaka 2023 jimbo lilichukua uendeshaji wa wilaya ya shule ya Houston na kuweka mameneja liliowateua lenyewe, bodi iliyochaguliwa na wapiga kura ikakaa pembeni. Ng'ambo ya barabara ni wilaya nyingine, bodi nyingine.

Na huyo mkubwa wenu, mkihama mhame mapema. Vyuo vya umma vya Texas vinataka uwe mkazi miezi 12 ndipo ulipe ada ya wenyeji.

Kijiti
Swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ndani ya nyumba yenu, wote makaratasi yamekaa sawa? Minnesota tangu Oktoba 2023 inatoa leseni ya udereva bila kuuliza hadhi ya uhamiaji. Texas haitoi, na tangu 2017 imepiga marufuku miji na masherifu wake kugoma kushirikiana na watu wa uhamiaji.

Mama Junior
@Kijiti, yupo mmoja. Sitasema zaidi. Asante.

Kipanga Mweusi
Hapo sasa uzi umekuwa mzito. Nami nilikuwa Houston Februari 2021, siku tatu bila umeme, gridi yao wameitenga na majimbo mengine wasisimamiwe na shirikisho. Nimeona mtu kavaa taulo mbili juu ya koti. Naishia hapo.

Mama Junior
Mrejesho, wapendwa. Jumapili mzee alikuwa nyumbani. Sikugusa habari ya sheria wala ya mimba, nilifungua tu ile tovuti ya uthamini, nikaandika anwani ya rafiki yake. Kodi ya mwaka jana: dola 8,760. Yetu hapa ni 3,900. Akanyamaza. Akaninyang'anya simu, akaandika anwani upya mwenyewe, akidhani nimekosea namba ya nyumba. Ikaja ileile. Akampigia rafiki yake pale pale kwa sauti ya juu, "Wewe, hii ulinificha?" Rafiki akasema, "Hukuniuliza kodi ya nyumba, uliniuliza kodi ya mapato."

Usiku ndipo nikamweleza ya yule daktari wa koridoni. Alisikiliza hadi mwisho, taa imezimwa. Kisha akaniuliza: "Usiku ule, ulikuwa unaniona nimesimama mlangoni?" Nilikuwa namwona.

Asubuhi kabla hajaondoka na lori akauliza kingine: "Na jimbo la Washington je?" Nimechungulia. Kodi ya mshahara hawana, sheria ya mimba haifanani na ya Texas, leseni ya udereva wanatoa bila kuuliza, na mkataba wa manesi wameingia 2023. Mlioko Seattle, nyumba zinauzwaje huko?

Mkazi wa Mvua
Dada, kabla sijakujibu, umekaa? Tafuta kiti kwanza.