Nimerudi jana kutoka baridini, keshokutwa narudishwa tena: nyie mnawezaje?

Mtanga wa South B

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Tanga, ila huu mwaka wa nne naishi hapa Nairobi, nafanya kazi kwenye kampuni inayouza maua nje. Nimetua JKIA jana usiku, midomo imepasuka kama tope la kiangazi.

Wiki yenyewe ilikuwa hivi. Jumapili usiku ndege, masaa nane hivi angani, Jumatatu alfajiri Amsterdam. Hotelini sikupelekwa, nilipitilizwa mpaka Aalsmeer kwenye mnada wa maua. Ghala kubwa kama lile sijapata kuona. Vitoroli vya maua vinavutwa mstari mrefu kama siafu. Saa ya mnada inaanzia bei ya juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye kachukua. Ukitega ishuke zaidi, mwenzio keshabeba. Nilitegemea kelele za madalali kama mnada wa samaki kwetu Deep Sea. Kimya! Wanunuzi wengi siku hizi wako makwao kwenye kompyuta. Na hizi ndizo wiki za kuelekea Februari 14, kila mtu anataka mawaridi mekundu, na kila mtu anayataka kwa bei ya Julai.

Nikasimama nikaangalia maua yetu. Yamekatwa Naivasha, yakapozwa, yakapanda lori la baridi hadi uwanjani, yakaruka usiku kama mimi. Yenyewe yakiwekwa kwenye nyuzi 2 mpaka 4 ndiyo yanabaki mabichi. Mimi kwenye nyuzi hizo hizo nilikuwa nimenyauka kabla ya chai.

Jua la huko mwezi huu linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na moja na kitu jioni limezama. Mara mbili nilidhani simu yangu imeharibika saa.

Jumanne treni kwenda Essen, kwenye maonyesho ya maua na mimea ya kila Januari. Kuna kubadilisha treni Duisburg. Ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka bila mimi, nikabaki pale nje dakika 50, nyuzi 4 chini ya sifuri, na viatu vyangu vya ofisini vya soli nyembamba. Vidole vya miguu nilivisikia tena jioni. Kufika ukumbini, joto kama Pongwe mwezi wa pili: jasho linatiririka ndani ya koti, ukitoka nje linakuganda mgongoni. Jumatano wateja 11. Alhamisi asubuhi Köln, usiku Amsterdam, jana ndege.

Koti nilinunua Gikomba, soko la mitumba hapa Nairobi, shilingi 1,800, lina lebo ya Kijerumani. Mteja mmoja wa Essen alilisifia, akauliza nimelipata wapi. Nikasema Nairobi. Akashangaa kwamba Nairobi wanauza makoti mazito kiasi kile. Sikumwambia kwamba huenda lilikuwa la jirani yake.

Sasa kampuni imeanza na parachichi pia, na maonyesho ya matunda ya Berlin yanaanza Jumatano. Bosi kanitumia tiketi, Jumatatu usiku naondoka. Mnaosafiri hivi mnafanyaje msiugue? Nibebe nini, niache nini, maana begi ni moja la mkononi? Na viatu je?

Halafu kituko kidogo. Ndege ilipotua nilimwandikia mama "nimefika nyumbani salama". Akanipigia hapo hapo: "Umefika nyumbani, mbona sikuoni?" Nikakosa la kumjibu.

Mama Makoti

Pole sana kaka. Mimi nauza hizo nguo kwa hivyo nisikize. Koti liko sawa, shida yako iko ndani. Wacha sweta moja nene, vaa nyepesi tatu: ya kubana mwili, ya sufu, halafu shati. Ukiingia kwa joto unavua moja moja. Pamba ikishika jasho haikauki haraka, ndiyo hiyo ilikugandia mgongo. Tafuta sufu, hata kama imetoboka kidogo hakuna mtu ataona.

Viatu: bonyeza soli na kidole gumba. Ikiwa ngumu kama sahani, rudisha, itakuangusha kwa barafu. Chukua namba moja juu ya yako ndio soksi nene itoshee. Soksi mbili ndani ya kiatu kimebana ni mbaya kuliko moja, damu haipiti. Kuja leo kabla ya saa kumi nikuchagulie.

Mzee wa Pangani

Assalaam aleykum. Mimi ni wa Mombasa, nimekaa Hamburg miaka sita, sasa niko hapa Pangani ya Nairobi, si ile ya kwenu.

Baridi ya nje haitakuua, ni ile hewa kavu ya vyumba vyenye hita. Usiku tia taulo bichi juu ya hita, pua pake vazilini, na maji unywe hata kama huna kiu. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, baridi humaliza betri upesi. Plagi zao ni za pini mbili za duara. Pita mtaa wa Luthuli hapo mjini ununue kibadilishio kabla hujapanda.

Lakini bwana mdogo, kuna jambo hukulitaja. Hiyo viza yako ni ya kuingia mara ngapi? Tazama ile karatasi iliyobandikwa ndani ya pasi, pameandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi.

Mtanga wa South B

Mzee, shikamoo. Niliomba hapa hapa Nairobi kwa kibali cha kazi, wakanipa siku za kutosha, sijamaliza hata nusu. Ngoja nikaitoe.

Mtanga wa South B

01.

Kijana wa Umoja

Uuuwi.

Mzee wa Pangani

Marahaba. Basi siku zilizobaki hazikufai kitu. Jana ulipotoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, umeifunga mwenyewe. Usijaribu kwenda uwanjani, hapa JKIA kwenyewe hawatakupandisha. Ombi ni jipya, euro 90, na mara hii kwa Wajerumani, kwa kuwa huendi kwingine. Jibu huchukua hata siku 15. Na Jumatatu ni keshokutwa.

Mtanga wa South B

Nimempigia bosi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Tiketi keshalipa. Kuna dada wa idara ya mauzo, mtu wa Nyeri, ana MULT ya miaka miwili, ataenda yeye. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni koti. Nimempelekea sasa hivi hadi Buruburu.

Niseme ukweli, njiani nilikuwa napiga mluzi.

Kijana wa Umoja

Kwa hivyo wewe umekwama na koti linapita. Hilo koti lina MULT!

Mama Makoti

Mwambie huyo dada akuje pia, mabuti ya wanawake yako. Na wewe, nilikuwa nimekuwekea namba 43. Unachukua ama nitoe?

Mtanga wa South B

Usitoe mama. Mwezi wa saba South B nako si mchezo.