Mjadala: Mlinganyo wa maneno ukae darasani kwa muda gani?

Mtoa mada

Walimu wenzangu, naomba tulijadili suala hili kwa kina: je, ni sahihi mwanafunzi wa Kemia wa sekondari akae muda mrefu na mlinganyo wa maneno, unaoeleza mmenyuko (badiliko la kikemia) kwa majina ya vitu, kabla hajapewa ule wa alama, unaotumia fomula kama H₂O? Msimamo wangu ni kwamba si sahihi, na kwamba hata mlinganyo wa ioni, unaoonyesha zile chembe zenye chaji ya umeme zinazomenyuka tu, tunauchelewesha bila sababu ya msingi.

Chukueni uchomaji wa chokaa, kazi ambayo watu wa mwambao wameifanya kwa karne nyingi kwa kutumia matumbawe. Kwa maneno tutaandika kwamba kalsiamu kabonati inatoa kalsiamu oksidi na kaboni dioksidi. Hilo ni kweli, lakini halimwelezi mwanafunzi kwa nini kinachotoka tanurini ni chepesi kuliko kilichoingia. Akiandika CaCO₃ → CaO + CO₂ na kujumlisha uzito wa atomi, anaona mwenyewe kwamba kilo 100 za kalsiamu kabonati safi huacha kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zimekwenda hewani. Isitoshe, mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na majina hayo marefu kwa Kiingereza, ilhali alama ni zilezile katika lugha zote.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, kwa heshima zote, napinga. Wanafunzi wanaoingizwa mapema kwenye alama huigeuza Kemia kuwa hesabu tupu. Wape H₂ + O₂ → H₂O wasawazishe, na utawakuta baadhi yao wameandika H₂O₂ upande wa kulia, wakaridhika kwa kuwa atomi zimelingana, wakati hayo si maji tena bali ni haidrojeni peroksidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Aliyezoea kutamka kwamba kinachopatikana ni maji hawezi kuichezea fomula kwa wepesi huo.

Mtoa mada

Hoja yako ni nzito, na kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi. Hata hivyo, chanzo chake ni kutotofautisha tarakimu ndogo iliyo ndani ya fomula na ile kubwa inayotangulia mbele yake, jambo ambalo mlinganyo wa maneno hauligusi kabisa. Mwanafunzi akichora molekuli mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, kisha akazipanga upya, atapata molekuli mbili za maji, na 2H₂ + O₂ → 2H₂O itamjia bila kukariri.

Mchangiaji wa pili

Kuhusu ioni naungana na mtoa mada. Changanyeni asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksidi, kisha asidi ya nitriki na potasiamu haidroksidi, mpime joto: kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) ya maji inayoundwa hutoka takriban kilojuli 57 katika majaribio yote mawili. Milinganyo ya kawaida inaonyesha mimenyuko miwili tofauti, ilhali H⁺ + OH⁻ → H₂O inaonyesha kwamba ni mmoja. Tahadhari yangu ni kwamba mlinganyo huo haumwambii mwanafunzi achukue chupa ipi kabatini, tena hauifai asidi dhaifu kama ile ya siki, ambayo molekuli zake nyingi hazijaachana kuwa ioni. Kwa hiyo namuuliza mchangiaji wa kwanza: mlinganyo wa maneno ungemwonyeshaje mwanafunzi kwamba majaribio hayo mawili ni mmenyuko uleule?