Tupeane uzoefu: waasi wa kwenu walitoka msituni kwa sababu gani?

Mwana wa Musaga: Juzi redioni wametaja mazungumzo ya amani, nikarudi kwetu Burundi, Bujumbura ya Julai 2003. Waasi wa FNL waliingia mitaa ya kusini. Tulilala sakafuni, godoro tumelisimamisha dirishani. Wapiganaji waliopita uchochoroni walikuwa vitoto, wanaimba nyimbo za kanisani. Baadaye nikaona mmoja kafa kando ya mtaro, ndala bado ziko miguuni. Novemba kundi jingine la waasi, FDD, wakasaini amani Dar: kiongozi wao Nkurunziza akapata uwaziri, wapiganaji wakaingizwa jeshini, 2005 akawa rais. FNL waling'ang'ania mpaka 2009. Binamu yangu alikuwa FDD. Walipompunguza jeshini alipewa pesa kwa awamu, akanunua baiskeli ya kubeba abiria. Kamanda wake alipata nyota na gari. Nikimuuliza kwa nini waliacha vita ananijibu, "Muulize mwenye gari."

Mama Kasulu: Umenikumbusha kambi ya wakimbizi wa Burundi, Mtabila. Ni hivyohivyo.

Mpita Njia: Mwalimu Nyerere, msuluhishi wenu, angeishi, vita vingeisha mapema.

Mwana wa Musaga: Mzee wangu, Arusha walisaini mkataba wa amani Agosti 2000 mbele ya Mandela, FDD na FNL hawamo. Wenye mtutu wako nje, vita vitaishaje?

Goma Moja: Kwetu Kongo hizo nyota ndizo ugonjwa. Waasi wa CNDP walisaini amani tarehe 23 Machi 2009, wakapewa vyeo jeshini. 2012 wakaasi, wakajiita M23 kwa tarehe hiyohiyo, Novemba wakaingia Goma. Kijana wa mtaani anaona njia ya ukanali inapitia wapi.

Simba wa Kivu: Waasi gani? Bila Kigali hao hawafiki hata Rutshuru!

Masisi Asili: Na FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, wanalishwa na nani? Sisi tunaoongea Kinyarwanda tunaitwa wageni kwenye makaburi ya babu zetu, halafu mnashangaa watu kushika bunduki.

Simba wa Kivu: Ndiyo mkapige mabomu kambi za wakimbizi?

Mama Kasulu: Jamani, mada ni uzoefu.

Mpita Njia: Wapeni ng'ombe na mashamba, watatulia.

Goma Moja: Ng'ombe atauzwa, zinunuliwe risasi. Kateni kwanza njia ya kuuzia madini.

Bibi Harusi: Waozeni wake. Mwenye ada za shule za kulipa hawezi kulala msituni 😂

Mama Kasulu: Wa Musaga, hebu turudi kwa binamu. Waasi wakimwita leo, anaenda?

Mwana wa Musaga: Ameshaulizia wanalipa ngapi.