Selimundu: je, ni lazima kuwaona wahudumu wote?

Mama wa Makete: Shikamooni. Mwanangu wa miaka 4 ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na kliniki ya Mbeya hutaka tuonane na daktari, muuguzi, mfamasia na mshauri nasaha siku ile ile. Je, kuna ulazima?

Muuguzi, Iringa: Marahaba, dada. Upo. Daktari hupanga dozi ya haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, maabara huhakikisha dawa haishushi mno chembe nyeupe za damu, na muuguzi hukufundisha kupapasa bandama, ambayo ikivimba ghafla huweza kunasa damu nyingi ya mtoto kwa saa chache tu.

Baba, Njombe: Naongeza kwamba baridi ya Juni na Julai huchochea maumivu, hivyo avae nguo nzito. Homa ikifika nyuzi 38.5, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku. Mshauri nasaha naye msimpite, kwa maana wazazi pia huchoka.