Naomba ushauri: maji ya ndoo na ya chooni kurudi kwenye bomba

Wakuu salaam, hasa mafundi bomba. Maji yetu hukatika mara kwa mara, na yakikatika koki ikiwa wazi, mpira ulioachwa kwenye ndoo ya kudekia unanyonya. Nimeona maji ya sabuni yakishuka taratibu bila mtu kugusa, baadaye bomba la jikoni likatoa povu!

Sinki halinisumbui, mdomo wa koki uko juu ya ukingo. Nafasi ile inatakiwa iwe angalau mara 2 ya kipenyo cha bomba, isipungue milimita 25. Shida ni mpira wa kujisafishia chooni, ambao watoto huuacha umening'inia hadi ndani ya bakuli (na koki yake hawaifungi).

Fundi anataka kufunga valvu moja tu ya kuzuia maji kurudi, pale kwenye mita. Naona hiyo inawalinda majirani, sisi wa ndani tutazidi kunyweshana. Tena chembe ya mchanga ikinasa, haifungi vizuri.

Je, niweke valvu kwenye kila mpira, au ile inayoingiza hewa presha ikishuka? Na ipi inafaa chooni, ambako mpira unabaki na presha muda wote?