Mwigizaji akianza kusoma vitabu vya sauti, amepanda ama ameshuka?

Milimani_Kisumu: Wadau, jana tumebishana hapa dukani mpaka tukafunga. Jim Dale, yule Mwingereza, 1980 alichukua Tony, ile tuzo kubwa ya jukwaani, kule Broadway New York kwa mchezo wa Barnum. Baadaye akaingia studio kusoma vitabu vya Harry Potter vyote saba. Mimi nasema alishuka. Utaachaje jukwaa uende kukaa na makaratasi?

Kondele: Kushuka wapi na kitabu cha tano pekee alikitolea sauti 134, Guinness wa rekodi za dunia wakaandika, na tuzo ya Grammy akapata juu ya hivyo vitabu.

Baba_Twins: Kusoma ni kusoma tu. Hata mtoto wa darasa la nne anasoma.

Dada_Nakuru: Wewe wa darasa la nne umeniuma sana. Mimi nimerekodi riwaya hapa Nakuru nikiwa ndani ya kabati, nguo zimening'inia mpaka masikioni ndio sauti isirudi, mvua ikipiga mabati naanza ukurasa upya, tumbo likinguruma naanza upya, na yule mzee wa hadithi lazima akohoe vilevile kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, ukisahau msikilizaji anajua. Siku tatu, sura mbili. Na pesa sijamaliziwa hadi leo. Mlete huyo mtoto wako.

Kondele: Pole dada. Hata Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu wa Kisumu, alisoma mwenyewe kitabu chake cha watoto, Sulwe, na Oscar alikuwa nayo tangu 2014. Kwani alishuka?

Shinyalu: Wa Kisumu tangu lini? Alizaliwa Mexico, akakulia Nairobi.

Dunga: Omera, kuzaliwa ni safari tu. Baba yake ndiye gavana wetu, kwao ni Seme, Kisumu hii hii. Na Sulwe ni Kijaluo, maana yake nyota. Hilo jina angelitoa Mexico?

Shinyalu: Sijasema ni wa Mexico. Nasema mnadai mtu akishashinda. Hapo kwenu kuna vijana wanazunguka shule wakiigiza setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani, wanalala njaa, nani kati yenu ameshawahi kuwaita "wetu"?

Dunga: Setibuku zimeingiaje hapa? Umesema Lupita si wa huku, jibu hilo. Seme umewahi kufika?

Milimani_Kisumu: Jameni, Jim Dale...

Shinyalu: Nimefika mara nyingi, dadangu ameolewa huko.

Dunga: Basi ingia kwa shemeji zako useme huyo msichana ni mgeni, uone kama utapewa chai.